Kukomesha ufilisi wa kampuni kwa amri ya mahakama: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye kampuni yake tayari imewekwa chini ya mfilisi kwa amri ya Mahakama Kuu, naye anataka irudi mikononi mwa wenyewe. Ni wa wadai na wafanyakazi pia, maana ombi la namna hii linawagusa hata kama hawakulileta. Sheria inayoelezwa hapa ni ya Kenya. Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi, na yale ya hali zisizo za kawaida yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

Ufilisi wa kampuni ni nini hasa?

Ni utaratibu wa kisheria wa kuifunga kampuni. Mali inakusanywa na kuuzwa, wadai wanalipwa kwa mpangilio wa sheria, kinachobaki, kama kipo, kinagawiwa wenye hisa, kisha jina la kampuni linaondolewa kwenye daftari la msajili. Kenya tunatumia Sheria ya Ufilisi ya 2015. Kabla yake mambo haya yalikuwa ndani ya Sheria ya Kampuni ya zamani, Sura ya 486, ndiyo maana hukumu za zamani bado zinaitaja.

Kampuni huingia kwenye ufilisi kwa milango miwili: kwa hiari, wenye hisa wanapopiga kura wenyewe, au kwa amri ya mahakama. Hapa tunazungumzia zaidi mlango wa pili. Wa hiari tumeugusa mwishoni.

Kampuni yetu ilikuwa inafanya kazi. Ilifikaje huko?

Mara nyingi ni kwa deni moja. Kifungu cha 384 kinasema kampuni itahesabiwa kuwa haiwezi kulipa madeni yake ikiwa mdai anayedai KSh 100,000 au zaidi ameiachia notisi ya madai kwa maandishi kwenye ofisi yake iliyosajiliwa, na siku 21 zikapita bila deni kulipwa wala kuwekewa dhamana inayomridhisha. Kwa mji wetu kiasi hicho ni kidogo sana. Ni mafuta ya malori machache, au ada ya makontena yaliyolala bandarini, au kodi ya godauni Shimanzi.

Tazama maneno "ofisi iliyosajiliwa". Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Kampuni ilisajiliwa kwa anwani ya mhasibu aliyekuwa na chumba Moi Avenue. Mhasibu akahama, kampuni ikahamia Miritini, na hakuna aliyekwenda kubadilisha anwani kwa msajili. Notisi inaachwa Moi Avenue, inapokewa na mlinzi, siku 21 zinakwisha, ombi linafunguliwa na kutangazwa, na mkurugenzi anasikia habari kutoka benki siku akaunti inapofungwa. Kisheria notisi hiyo huenda ilikuwa halali kabisa. Kama unasoma ukurasa huu na kampuni yako bado iko salama, kaangalie leo anwani iliyoko kwa msajili.

Sababu nyingine zipo katika kifungu cha 424, mojawapo ikiwa mahakama kuona kwamba ni haki na usawa kampuni ifungwe. Hiyo hutumiwa sana wanafamilia wanapogombana. Soma swali la ugomvi wa ndugu huko chini.

Amri ikishatolewa, nini kinabadilika?

Karibu kila kitu. Mamlaka ya wakurugenzi yanakoma na mfilisi anashika usukani: vitabu, funguo, akaunti, magari. Mfilisi ni mtaalamu mwenye kibali cha kazi hiyo, au Mpokezi Rasmi, ambaye ni afisa wa serikali aliye chini ya BRS, shirika la kusajili biashara. Kesi dhidi ya kampuni zinasimama mpaka mahakama itoe ruhusa. Wakurugenzi wanatakiwa kumpa mfilisi taarifa ya hali ya kampuni: inamiliki nini, inadaiwa na nani, inamdai nani.

Halafu kuna jambo linalowashtua wengi. Ufilisi kwa amri ya mahakama huhesabiwa kuwa ulianza siku ombi lilipofunguliwa, na siyo siku amri ilipotolewa. Malipo na mauzo yaliyofanyika katikati ni batili, isipokuwa mahakama iyaidhinishe.

Kukomesha, kusimamisha, kutengua, kukata rufaa: ni kitu kimoja?

Hapana, na kuchagua njia isiyo yako kunakula miezi.

*Rufaa* unakata unaposema jaji alikosea. Notisi ya rufaa inawekwa ndani ya siku 14, nayo Mahakama ya Rufani ina kikao hapa hapa Mombasa. *Kutengua* unaomba unaposema amri haikupaswa kutolewa tangu mwanzo, kwa mfano hamkupewa hati za kesi kabisa, au deni lenyewe lilikuwa na mzozo wa kweli. *Kusimamisha* kunagandisha ufilisi, kwa muda au moja kwa moja. Mfilisi anashusha kalamu lakini amri bado ipo. *Kukomesha* kunaumaliza: unakubali kwamba amri ilitolewa kihalali, ila unasema hali sasa imebadilika na hakuna tena sababu ya kuifunga kampuni.

Tofauti hiyo ya mwisho inabeba kila kitu kinachofuata. Anayeomba kukomesha hapigani na jana. Mzigo wake ni kuthibitisha leo. Tumeona hati za kiapo zenye kurasa nyingi za kumlaumu mdai na aya moja tu kuhusu hali ya sasa ya kampuni. Huo ni uzito uliowekwa upande usiofaa.

## Nani aombe, na lini

Nani ana haki ya kupeleka ombi?

Mfilisi, Mpokezi Rasmi, mdai, au mwenye hisa. Mkurugenzi ambaye hana hisa hata moja apite kwa mwenye hisa, ndiyo njia iliyo salama. Wakurugenzi wanabaki na nafasi finyu ya kuipinga amri yenyewe kwa rufaa kwa jina la kampuni, lakini wakishindwa, gharama zinaweza kuwaangukia wao binafsi.

Ombi linaloletwa na mfilisi mwenyewe huwa na nguvu kuliko yote, kwa sababu jaji anajua mfilisi hana kampuni ya kuokoa. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, nenda ukae naye. Wakurugenzi wengi humwona mfilisi kama adui na kumficha mafaili, kisha miezi mitatu baadaye wanamhitaji aseme neno zuri mahakamani.

Tumemlipa yule aliyetushtaki. Si mambo yamekwisha?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko mengine yote, na jibu ni hapana. Tunaomba ulisome jibu hili mpaka mwisho.

Kabla ya amri kutolewa, ombi ni lake yule mdai. Ukimlipa anaweza kuliondoa, ingawa hata hapo mdai mwingine anaweza kuomba kuchukua nafasi yake, na kesi ikaendelea. Lakini amri ikishatolewa, ufilisi unakuwa wa wadai wote: benki, wafanyakazi, KRA, mwenye godauni, fundi wa breki. Yule aliyefungua kesi hana uwezo wa kuuondoa, hata akiandika barua ya kuwasamehe na kuipeleka yeye mwenyewe.

Zaidi ya hapo, malipo hayo yenyewe yanaweza kuwaletea taabu. Pesa zimetoka wapi? Zikiwa za kampuni, zililipwa na watu ambao hawakuwa tena na mamlaka, kwa mdai mmoja, huku wengine wakiachwa. Mfilisi ana haki ya kuzidai zirudishwe. Zikiwa zimetoka mfukoni mwa mwenye hisa au kwa jamaa, hiyo ni habari nyingine, na inaweza hata kusaidia ombi, lakini andikeni kwa karatasi: nani katoa, kwa nani, tarehe gani, na kama anaidai kampuni au ametoa moja kwa moja. Tumeshuhudia ndugu akitoa pesa kwa moyo mweupe kumwokoa kaka yake, kisha mahakamani anaulizwa kama naye sasa ni mdai mpya wa kampuni, wala hakuna karatasi ya kumjibia.

Basi utaratibu uwe huu: zungumza na mfilisi kwanza, pata orodha kamili ya madai aliyopokea, kisha panga malipo ya wote kwa pamoja, pesa zikiwa zimeshikwa na wakili au mfilisi mpaka mahakama iseme.

Kuna muda maalumu wa kuomba?

Kwa kukomesha, hakuna idadi ya siku kama ilivyo kwa rufaa. Lakini kila wiki inayopita mfilisi anauza kitu, wateja wanahamia kwingine, na ada yake inaongezeka, nayo inalipwa kabla ya madai mengine. Ukichelewa, uwe na maelezo.

## Jaji anataka kuona nini

Mahakama inapima kwa mizani gani?

Uamuzi ni wa hiari ya jaji, na anayeomba ndiye mwenye mzigo wa kumridhisha. Mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza zimejenga mwongozo wake kwa zaidi ya karne moja. Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Kenya, ila humwongoza, na mawakili huzitaja mara kwa mara.

Katika kesi ya Telescriptor Syndicate ya 1903, Uingereza, mahakama ilikataa kuridhika na kwamba wadai wamekubali. Ilisema ni lazima itazame pia maadili ya biashara na masilahi ya umma. Kesi ya Calgary and Edmonton Land ya 1975 ikaweka wazi kwamba makundi matatu yanaangaliwa: wadai, mfilisi na wenye hisa, na kwamba ushahidi uwe wa kutosha, jaji akiwa na shaka, ombi linaanguka. Kisha mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Queensland, Australia, katika kesi ya Warbler, ikakusanya mambo ya kuangaliwa mahali pamoja. Je, wadai wote wamearifiwa? Madeni yamelipwa au yatalipwaje? Wadai, wenye hisa na mfilisi wanasemaje? Kampuni inaweza kulipa madeni yake leo na kesho? Wakurugenzi walitimiza wajibu wao, na kama hawakutimiza, wana maelezo gani? Kampuni ilifikaje kwenye ufilisi? Na biashara yenyewe iliendeshwa kwa namna inayokubalika?

Kwa maoni yetu maswali mawili ndiyo yanayoua maombi mengi zaidi: uwezo wa kulipa, na mwenendo wa wakurugenzi. La kwanza lina jibu lake hapa chini. La pili linaelezeka kwa urahisi: jaji hatairudisha gari kwa dereva yule yule bila kumwuliza ajali ilitokeaje. Kama hamkuwa mkipeleka ripoti za kila mwaka kwa msajili, semeni. Kama mkurugenzi mmoja alikuwa akichota pesa, semeni, na mseme ameondolewa lini na nani ameingia. Kunyamaza ndiko kunakotia shaka.

Uwezo wa kulipa madeni unathibitishwaje?

Kwa karatasi, na siyo kwa maneno "tunatarajia". Kiini cha ombi ni jedwali la wadai. Tulieleze kwa karibu, maana ndilo linalofanywa vibaya kuliko yote.

Kila mdai anapata mstari wake: jina, kiasi anachodai, kiasi mnachokubali, dhamana kama ipo, ankara au mkataba ulioambatanishwa, na safu ya mwisho inayosema atalipwa lini na kwa pesa zipi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo jaji anaisoma kwanza. Ikiandikwa "kutokana na mapato ya baadaye", ujue mmeanza vibaya. Ikiandikwa "zimelipwa, risiti iko ukurasa wa 47", au "pesa zimewekwa kwenye akaunti ya wakili, taarifa ya benki iko ukurasa wa 52", mnazungumza lugha ya mahakama.

Kisha litazamwe dhidi ya daftari la mfilisi. Tumewahi kuona jedwali safi, limepigwa chapa vizuri, lina benki na wauzaji wakubwa wote, lakini halina fundi wa magurudumu wa Changamwe aliyekuwa anadai ankara tatu za mwaka uliotangulia. Hazikuwa pesa nyingi. Alikuja mwenyewe mahakamani na ankara zake ndani ya mfuko wa plastiki, akasimama nyuma, na jina la kampuni lilipoitwa akanyosha mkono. Baada ya hapo kila tarakimu ya jedwali lile ilitiliwa shaka.

Pamoja na jedwali, weka hesabu za karibuni zilizotayarishwa na mhasibu aliyesajiliwa, taarifa za benki, mikataba ya kazi iliyo mkononi, na makadirio ya mapato na matumizi kwa miezi ijayo. Kama biashara yenu ni ya msimu, kama hoteli za Nyali na Diani zinazojaa Desemba na kukaa kimya Mei, makadirio yaoneshe huo msimu mbaya mtaupitaje.

Lazima wadai wote wakubali?

Lazima wote waarifiwe. Kukubali kwa wote kunasaidia sana lakini si sharti, na kama swali lililotangulia juu ya mizani lilivyoonesha, hata wakikubali wote jaji bado anaweza kukataa. Mdai anayepinga atasikilizwa. Njia rahisi ya kumnyamazisha ni kumlipa, au kuweka pesa zake mahakamani kama deni lake lina mzozo.

Mfilisi akipinga je?

Ripoti yake ina uzito mkubwa. Akisema uchunguzi haujakwisha, au kuna pesa zilizohamishwa kwenda kwa jamaa za wakurugenzi, mahakama haitakubali ufilisi ukomeshwe ili uchunguzi ufe. Kama anapinga kwa sababu tu ada yake haijalipwa, hilo linatatulika: ada na gharama zake zitajwe kwenye jedwali, mstari wa kwanza.

KRA tuna deni la miaka. Tuanzie wapi?

Anzeni nao, na muende na hesabu. Deni la kodi linaweza kupangiwa malipo kwa awamu, na makubaliano ya maandishi kutoka kwao ni ushahidi mzuri. Msifiche, maana KRA wataarifiwa kama mdai mwingine yeyote. Michango ya NSSF na bima ya afya ya wafanyakazi iliyokatwa kwenye mishahara na haikupelekwa ni jambo baya zaidi kuliko deni la kawaida. Hizo ni pesa za watu, na jaji ataziangalia kwa jicho la mwenendo.

## Utaratibu hapa Mombasa

Ombi linafunguliwa wapi?

Mahakama Kuu, kwenye faili lile lile ambamo amri ilitolewa. Kama amri ilitoka Nairobi, ombi linakwenda Nairobi hata kama kampuni na mali zote ziko Changamwe. Kesi zinafunguliwa kwa mtandao kupitia mfumo wa mahakama, na vikao vingi vya kutajwa hufanyika kwa video, kwa hiyo umbali si kikwazo kama zamani.

Hati zipi zinahitajika?

Ombi lenyewe likieleza amri unazotaka. Hati ya kiapo ya mwombaji. Jedwali la wadai na viambatisho vyake. Nakala ya amri ya ufilisi. Idhini za wadai zilizo na sahihi. Na uthibitisho kwamba mfilisi, Mpokezi Rasmi na wadai wamepelekewa. Mara nyingi jaji ataagiza tangazo gazetini kabla ya kusikiliza, ili mdai ambaye hajulikani ajitokeze. Ni bora uliombe mwenyewe. Linaonesha huna unachoficha.

Inachukua muda gani, na gharama ni kiasi gani?

Ombi lisilopingwa na lililokamilika linaweza kwisha kwa miezi michache. Likipingwa, hesabu muda mrefu zaidi. Kwa upande wa gharama kuna wakili, mhasibu, matangazo, na kubwa kuliko zote, ada ya mfilisi kwa kazi aliyokwisha kufanya. Omba hesabu yake kwa maandishi mapema.

Nahitaji wakili?

Mwenye hisa anaweza kujisimamia. Hatukushauri.

## Wafanyakazi, wadai na benki

Mimi ni mfanyakazi. Ufilisi ukikomeshwa, mshahara wangu unapotea?

Hapana. Deni lako kwa kampuni linabaki, na mara nyingi hali yako inakuwa nzuri zaidi, maana kampuni hai inaweza kulipa yote. Ndani ya ufilisi unapewa kipaumbele kwa mshahara wa miezi minne kabla ya ufilisi kuanza, lakini kwa ukomo wa KSh 200,000 kwa kila mtu. Kinachozidi hapo kinapanga foleni na madai ya kawaida.

Ukipata habari kuwa kuna ombi, mwandikie mfilisi upesi kiasi unachodai, na uambatanishe hati za malipo ya mshahara. Usingoje chama wala msimamizi akusemee. Wapakiaji na madereva wa kulipwa kwa siku ndio wanaosahaulika kwenye majedwali, kwa kuwa majina yao yako kwenye daftari la mkono na siyo kwenye kompyuta. Mkurugenzi mwema awatafute.

Mimi ni mdai na sikuarifiwa. Nifanye nini?

Nenda kwa mfilisi na ankara zako, kisha uingie kwenye kesi. Kama amri ya kukomesha imekwisha kutolewa bila wewe kujua, deni lako halijafutwa. Kampuni imerudi kuwa hai, nawe unaweza kuidai mahakamani kama kawaida, mradi miaka sita ya kudai deni la mkataba haijapita. Na kama waliapa kwamba wameorodhesha wadai wote huku wakikujua, unaweza kuomba amri ipitiwe upya.

Benki ina rehani juu ya jengo letu. Ufilisi unaizuia?

Kwa kawaida hapana. Mwenye dhamana anaweza kuitumia nje ya ufilisi, akifuata Sheria ya Ardhi ya 2012: notisi ya angalau miezi mitatu ya kurekebisha kosa, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza. Ndiyo maana ombi lisilo na barua ya benki hudhoofika. Hata ufilisi ukikoma, jengo likiuzwa mwezi unaofuata biashara itaendeshwa wapi?

## Hali zisizo za kawaida

Mfilisi ameshauza malori mawili. Yatarudi?

La. Aliyoyafanya kwa mamlaka halali yanabaki halali, na mnunuzi analindwa. Mtapokea fedha zilizobaki baada ya gharama. Kama mnaona aliuza kwa bei ya kutupa, hilo ni dai dhidi ya mfilisi binafsi, lipelekwe peke yake.

Tuliendelea kufanya biashara baada ya ombi kufunguliwa, hatukujua. Tufanyeje?

Ombeni mahakama iidhinishe miamala hiyo, katika ombi hilo hilo. Kukomesha ufilisi hakuisafishi yenyewe. Orodhesheni kila malipo na kila mauzo tangu siku ombi lilipofunguliwa, na muoneshe kwa uwazi kwamba yalikuwa ya kawaida ya biashara na kwa thamani kamili: mishahara, umeme, dizeli. Malipo kwa mke wa mkurugenzi yataulizwa. Kuanzia siku mliyojua, simamisheni kila kitu na mumwachie mfilisi.

Hatuna pesa zote, lakini kuna mwekezaji yuko tayari. Ombi litakubaliwa?

Ahadi ya mwekezaji peke yake haitoshi. Mkataba uliosainiwa na pesa zilizokwisha wekwa zinatosha. Kama hazijafika, pengine kinachowafaa ni makubaliano rasmi na wadai chini ya Sheria ya Ufilisi, ambapo wadai hupigia kura mpango wa malipo, nalo ombi la kukomesha au kusimamisha linafuata baada yake. Kwa kampuni ambayo bado haijapewa amri ya ufilisi kuna pia njia ya kuwekwa chini ya msimamizi, ambaye kazi yake ya kwanza ni kujaribu kuiokoa. Nakumatt, iliyokuwa na duka hapa Nyali, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Wokovu haukupatikana na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Safari ya upande huo ni nyepesi. Kurudi ndiko kuzito.

Tulifungwa kwa sababu ya ugomvi wa ndugu, hatukuwa na deni. Tumeshapatana. Je?

Hili ni ombi lenye matumaini mazuri. Uwezo wa kulipa haukuwa tatizo, kwa hiyo jaji atauliza kama kilichowagombanisha kimekwisha kweli. Leteni makubaliano yaliyosainiwa na wenye hisa wote: nani anamnunua nani, hisa zinathaminiwaje, nani anatia sahihi benki, na mkikwama tena mtaamuliwa na nani. Maneno "tumesameheana mbele ya wazee" ni mazuri na tunayaheshimu, lakini yasindikizwe na karatasi. Msisahau mjane na watoto wa ndugu aliyefariki kama hisa zake bado ziko katika mirathi; msimamizi wa mirathi lazima aingie.

Ufilisi wetu ulikuwa wa hiari. Tunaweza kubadili mawazo?

Mahakama inaweza kuombwa hapa pia, na kama wadai wote wamelipwa na wenye hisa wamekubaliana, kazi ni nyepesi kuliko ile ya amri ya mahakama. Ushahidi ni ule ule.

Kampuni imeshafutwa kwenye daftari la msajili. Tukomeshe nini?

Hakuna ufilisi wa kukomesha tena. Mnachohitaji ni kuirudisha kampuni kwenye daftari, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, na mali iliyokuwa imebaki kwa jina lake wakati huo huwa imekwenda kwa serikali. Hiyo ni kesi tofauti, na ina muda wake maalumu. Mwone wakili mapema.

Amri ya kukomesha imetolewa. Kesho asubuhi tufanye nini?

Chukueni nakala iliyothibitishwa na muipeleke kwa msajili wa kampuni. Mpaka daftari lisomeke upya, benki haitawafungulia akaunti. Pokeeni vitabu, funguo na mihuri kutoka kwa mfilisi kwa orodha iliyosainiwa pande zote mbili. Someni masharti ya jaji, kwani amri hizi mara nyingi huja na masharti kama kulipa ada fulani kwa tarehe fulani au kupeleka hesabu, na kuyavunja kunawarudisha mahakamani. Kisha badilisheni anwani ya ofisi iliyosajiliwa.

Na ombi likikataliwa?

Mnaweza kukata rufaa, ndani ya muda uliotajwa huko juu. Mnaweza pia kurudi kwa ombi jipya, lakini kwa ushahidi mpya: deni lililokuwa halijalipwa limelipwa, uchunguzi wa mfilisi umekwisha, pesa za mwekezaji zimeingia. Jaji aliyewakatalia kwa kawaida ameandika sababu. Chukueni hukumu, mwekeni mhasibu na wakili meza moja, na kwa kila sababu andikeni ni karatasi gani itaijibu. Kama kuna sababu isiyo na karatasi, bado hamjawa tayari kurudi.